Jaji Aliyeanza Kama Karani

Kwa miaka 19 niliketi chini ya majaji. Nasema chini kwa maana ya mahali tu. Meza ya karani wa mahakama huwekwa mbele ya kiti cha jaji, ngazi mbili tatu chini yake, kwa hiyo karani huwatazama mawakili, mashahidi na mshtakiwa usoni, ilhali jaji mwenyewe humsikia zaidi ya kumwona. Nilijifunza kuwatambua kwa sauti ya kalamu. Katika mahakama zetu za zamani, jaji ndiye aliyeandika ushahidi kwa mkono wake mwenyewe, neno kwa neno kadiri alivyoweza, na aliuandika kwa Kiingereza hata pale shahidi alipozungumza Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama Tanzania ilikuja mwaka 2021, nami nilikuwa nimekwisha kustaafu. Hivyo shahidi alisema sentensi moja, jaji akainua mkono wa kushoto, akaandika, akaushusha, na shahidi akaendelea. Aliyesahau aliambiwa "subiri." Nimewahi kumwona mama mmoja akisimulia kifo cha mwanawe kwa mwendo huo wa kalamu, sentensi na kimya, sentensi na kimya, mpaka chumba kizima kikawa kinapumua naye.

Siku moja nilipokea panga lililoletwa kama kielelezo nikaliandika P3, wakati P3 ilikuwa tayari ni fomu ya daktari. Hakuna wakili aliyegundua. Jaji aligundua baada ya nusu saa, akasimamisha shauri, akaamuru vielelezo vyote vipangwe upya mezani na kila kimoja kisomwe kwa sauti. Nilitamani ardhi inimeze. Baadaye, katika chumba chake, aliniambia kwa upole kwamba mtu huyu anaweza kunyongwa, na mahakama ya rufaa itakaposoma jalada haitamwona yeye wala mimi, itaona namba tu.

Nimeikumbuka siku hiyo mara nyingi katika miaka hii ya kustaafu, ambayo nimeitumia, pamoja na kufuga kuku na kugombana na majirani kuhusu maji, kusoma mwenendo wa shauri moja lililosikilizwa New York mwaka 2001. Kule jaji haandiki. Yupo mpiga chapa maalumu anayeandika kila neno linalotamkwa, hata kigugumizi na samahani, na kurasa hizo, ambazo ni maelfu, zinapatikana mtandaoni kwa anayezitaka. Ni shauri la mabomu ya balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam. Nilianza kulisoma kwa sababu ya Dar es Salaam. Nimeendelea kwa sababu ya jaji.

Aliitwa Leonard Sand. Alizaliwa Bronx mwaka 1928, akafariki Desemba 2016 akiwa na miaka 88, na kwa Waswahili wengi jina lake halina maana yoyote, ingawa ndiye aliyekaa kitini pale watu wetu walipovuka bahari kwenda kueleza yaliyowapata.

Tarehe 7 Agosti 1998 ilikuwa Ijumaa, siku moja kabla ya Nane Nane, na ofisini nusu ya watu walikuwa wamekwisha kuaga kimoyomoyo. Mlio tuliusikia kama tairi kubwa la lori. Mzee mmoja wa masjala alisema ni transfoma. Ilipofika adhuhuri tulijua kwamba ni ubalozi wa Marekani, Barabara ya Laibon, na kwamba Nairobi kumetokea jambo kama hilo hilo kwa tofauti ya dakika chache. Dar es Salaam walikufa watu 11, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa Mmarekani. Nairobi walikufa 213, wengi wao wakiwa watu waliokuwa kazini au njiani katikati ya jiji, kwa sababu jengo la Ufundi lililokuwa jirani na ubalozi liliporomoka lote, na waliojeruhiwa walikuwa maelfu. Wamarekani waliokufa walikuwa 12. Nazitaja hesabu hizi kwa sababu zinaeleza kwa nini wengi wetu tulinung'unika tuliposikia kesi itasikilizwa Manhattan. Waliokufa ni wetu, ardhi ni yetu, halafu hukumu itolewe na jaji wa Marekani, chini ya sheria ya Marekani, kwa mashtaka yaliyoandikwa na serikali ya Marekani ambayo yenyewe ndiyo iliyoshambuliwa. Wahenga walikwisha kusema kuhusu kesi ya ngedere kupelekwa kwa nyani.

Nami nilikuwa miongoni mwa walionung'unika. Ili kueleza kilichonifanya nipunguze, sharti nieleze kwanza jaji wa namna hii ni nani.

Marekani ina mahakama za aina mbili zinazoishi bega kwa bega: zile za kila jimbo, na zile za shirikisho ambazo husikiliza mambo yanayohusu sheria za taifa na Katiba. Ngazi ya chini ya mahakama za shirikisho, pale ambapo mashahidi husikilizwa na vielelezo hupokelewa, huitwa Mahakama ya Wilaya. Msomaji wa Tanzania asidanganywe na jina hilo. Kwetu mahakama ya wilaya ni ya hakimu, na kuna adhabu ambazo hawezi kabisa kuzitoa. Kule zipo wilaya 94 kwa nchi nzima, na jaji wake huteuliwa na Rais, huthibitishwa na Seneti, na hushika kazi maisha yake yote maadamu ana mwenendo mwema. Katiba yao inakataza hata mshahara wake kupunguzwa. Jaji wa Mahakama Kuu Tanzania hustaafu akiwa na miaka 60. Sand aliposikiliza kesi ya mabomu alikuwa na miaka 72, akatimiza 73 kesi ikiendelea. Kwetu angekuwa shambani, akifuga kuku kama mimi.

Aliteuliwa na Rais Jimmy Carter mwaka 1978 kuwa jaji wa Wilaya ya Kusini ya New York, ambayo inajumuisha Manhattan, Bronx na kaunti kadhaa za kaskazini mwa jiji. Alikuwa amesoma Chuo Kikuu cha New York, kisha sheria Harvard, na kazi yake ya kwanza ya maana, mwaka 1952, ilikuwa ya ukarani. Nilifurahi nilipoliona neno hilo, ingawa najua si ukarani wangu. Kule karani wa jaji ni kijana aliyehitimu sheria kwa alama za juu, anayemfanyia jaji utafiti na kumwandalia rasimu za maamuzi kwa mwaka mmoja au miwili, kisha anaondoka kwenda kutafuta fedha. Hata hivyo naye alikaa karibu na kiti na kusikia kalamu, na jaji aliyemtumikia alikuwa Irving Kaufman, yule aliyewahukumu kifo Julius na Ethel Rosenberg mwaka 1951 kwa kula njama ya ujasusi. Wawili hao walikalishwa kwenye kiti cha umeme Juni 1953. Yaani kijana Sand alianza kujifunza kazi katika ofisi ya jaji wakati huo huo maombi ya kuokoa roho mbili yalipokuwa yakiletwa na kukataliwa. Sijui aliondoka pale na fikra gani. Najua tu kwamba miaka karibu 50 baadaye, katika mahakama ile ile, naye aliletewa mashtaka ya kifo.

Katikati ya hapo alikuwa mwendesha mashtaka, kisha wakili katika ofisi inayoitetea serikali mbele ya Mahakama ya Juu, kisha wakili wa kujitegemea kwa karibu miaka 20. Mwaka 1964 aliitetea mbele ya Mahakama ya Juu redio moja ya New York, WMCA, iliyokuwa imefungua shauri kulalamika kwamba viti vya bunge la jimbo vimegawanywa kwa namna inayomfanya mtu wa mjini awe na uzito mdogo wa kura kuliko mtu wa kijijini. Walishinda. Redio kuishtaki ramani ya uchaguzi ni jambo linalonifurahisha kila ninapolifikiria, lakini tuendelee.

Kesi ya mabomu ilimfikia kabla ya washtakiwa wote kukamatwa. Mwishoni walisimama wanne kizimbani: Wadih el-Hage, aliyekuwa ameishi Nairobi na aliyekuwa raia wa Marekani, Mohamed Odeh, Mohamed al-'Owhali, aliyeshuka kwenye lori la bomu pale Nairobi dakika za mwisho, na Khalfan Khamis Mohamed, kijana wa Zanzibar aliyekodi nyumba Ilala ambamo bomu la Dar es Salaam liliandaliwa. Katika kikao kimoja cha awali, Juni 1999, el-Hage aliruka kutoka alipoketi akamkimbilia jaji. Askari wa mahakama walimwangusha kabla hajafika kitini. Sand alibaki na shauri hilo hadi mwisho.

Watu hudhani kazi ya jaji wa namna hii ni kutamka nani ana hatia. Katika kesi kama ile hatamki. Kuna juri: raia 12 waliochukuliwa kutoka mitaani, katika kesi hii bila majina yao kutajwa hadharani, ambao ndio wanaoamua ukweli wa mambo, na sharti waafikiane wote. Wasomaji wenye umri wangu wasiwachanganye na wazee wetu wa baraza, ambao walitoa maoni na jaji akawa huru kuyaacha. Juri haiachwi. Kwa hiyo nguvu ya jaji iko mlangoni. Yeye ndiye anayeamua neno lipi liingie masikioni mwa wale 12 na lipi lisiingie, na huamua mengi ya hayo wakiwa hawamo chumbani. Wakishaingia yeye huwaeleza sheria ni ipi. Sand alikuwa bingwa wa hilo, kwani alishirikiana kuandika kitabu cha maelekezo ya juri ambacho majaji wenzake nchini kote walikuwa wakikifungua.

Mlangoni hapo ndipo nilipoanza kumheshimu.

Al-'Owhali alikamatwa Nairobi siku chache baada ya mlipuko, akahojiwa na makachero wa Marekani mikononi mwa polisi wa Kenya. Kabla ya mahojiano alipewa karatasi ya haki zake. Karatasi hiyo ilimwambia, kwa ufupi, kwamba kama wangekuwa Marekani angekuwa na haki ya wakili, lakini kwa kuwa hawako Marekani hawawezi kumhakikishia kwamba atapatiwa. Hatimaye alikiri mambo mazito. Wakili wake akaomba maelezo hayo yasisomwe mbele ya juri. Upande wa mashtaka ukajibu kwa hoja ambayo mtu wa barabarani angeiona ina akili: huyu si raia wetu, hakukamatwa kwetu, amekaa Nairobi katika selo ya Kenya, Katiba yetu inamhusu nini?

Sand alisema inamhusu. Hoja yake, nikiifupisha kwa maneno yangu, ni kwamba haki ya mtu kutojishuhudia mwenyewe huvunjwa pale maneno yake yanapotumiwa dhidi yake mahakamani, na mahakama hiyo iko New York. Basi aliyemhoji ugenini alipaswa kumweleza ukweli wote, na hata kumwulizia kwa polisi wa nchi ile kama wakili anaweza kupatikana. Kwanza aliikubali hoja ya utetezi. Waendesha mashtaka wakaomba ushahidi wa jambo hilo ufunguliwe upya, akaufungua, na mwishowe akaruhusu yale tu ambayo mshtakiwa aliyasema kuanzia tarehe 22 Agosti, baada ya mwendesha mashtaka kutoka New York kumweleza haki zake kwa mdomo kwa namna iliyo nyoofu zaidi. Ya kabla ya hapo yalibaki nje.

Naweza kumsikia msomaji akisema kwamba hiyo ni michezo ya sheria, kwani mtu huyo alipatikana na hatia vilevile. Ndivyo. Lakini nimekaa miaka 19 nikitazama maelezo ya onyo yakipokelewa, mshtakiwa akisema alipigwa, shahidi wa polisi akisema hakupigwa, na kijishauri ndani ya shauri kikimalizika kwa dakika 20 kwa sababu kuna mashauri mengine saba kwenye orodha ya siku hiyo. Jaji wa Marekani aliyefikiria kwa makini haki za mtu asiye raia, katika selo ya Nairobi, kuhusu mlipuko ulioua Wamarekani, hakuwa nyani aliyepelekewa kesi ya ngedere. Sidai kwamba alikuwa sahihi katika kila jambo. Aliruhusu, kwa mfano, vitu vilivyopekuliwa bila hati katika nyumba ya el-Hage Nairobi mwaka 1997, kwa hoja ya upelelezi wa usalama wa taifa dhidi ya maadui wa nje, na hoja hiyo mimi naiona mlango mpana mno. Mahakama ya rufaa mwaka 2008 iliukubali uamuzi wake, kwa njia yake yenyewe.

Tarehe 29 Mei 2001, baada ya majadiliano ya siku 12, juri ilirudi na jibu la "ana hatia" mara 302, kwa makosa yote na washtakiwa wote. Jana yake, kwa sadfa ambayo mwandishi wa hadithi angeionea aibu, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilikuwa imetoa hukumu yake kuhusu Khalfan. Alikamatwa Cape Town Oktoba 1999 na kukabidhiwa kwa Wamarekani ndani ya siku chache. Majaji wa Afrika Kusini walisema kumkabidhi bila kupata kwanza ahadi kwamba hatauawa kulivunja katiba yao, na wakaagiza nakala ya hukumu ipelekwe haraka kwenye mahakama ya New York. Hebu tafakari. Mahakama ya Afrika inaiandikia mahakama ya Marekani barua, tena kuhusu kijana wa Kizanzibari. Sand angeweza kuiweka kando, maana haimfungi. Alikataa kuiondoa adhabu ya kifo kwa sababu ya hukumu hiyo, lakini aliruhusu juri iisikie na kuipima kama jambo la kupunguza adhabu.

Kuhusu al-'Owhali, juri ilishindwa kuafikiana, na katika sheria ile kutoafikiana maana yake ni kifungo cha maisha. Katika fomu waliyojaza, wajumbe 10 kati ya 12 walikubali kwamba kumuua kungeweza kumfanya shahidi machoni pa wafuasi wake. Hapo Kiswahili kinanikwamisha, na kukwama huko nakupenda. Kwetu shahidi ni yule anayesimama kizimbani na kuapa kusema kweli, na shahidi ni yule anayekufa kwa ajili ya imani yake. Kwa miezi kadhaa juri hiyo ilisikiliza mashahidi wa aina ya kwanza, miongoni mwao Wakenya na Watanzania waliofunikwa na vumbi la Agosti 7, kisha ikakataa kumtengeneza shahidi wa aina ya pili. Mkalimani yeyote wa Kiswahili angelazimika kutumia neno moja kwa watu hao wawili. Julai 10, baada ya kuwasikia pia jamaa za Khalfan, juri ilishindwa tena kuafikiana.

Adhabu zilitamkwa tarehe 18 Oktoba 2001. Mahakama za Foley Square, Manhattan, ambako kesi hiyo ilisikilizwa, zipo mwendo mfupi kwa miguu kutoka pale majengo pacha yalipokuwa yamesimama hadi wiki tano kabla, na moshi wa kifusi ulikuwa haujakoma. Wanne hao walipewa vifungo vya maisha bila matumaini ya kutoka, na amri ya kulipa fidia ya dola milioni 33 ambazo kila aliyekuwemo chumbani alijua hazitalipwa. Mwaka huo huo jengo la zamani la mahakama hiyo lilipewa jina la Thurgood Marshall, jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama ya Juu ya Marekani, ambaye mwaka 1960, akiwa bado wakili, alikaa na wajumbe wa Kiafrika kutoka Kenya katika mkutano wa Lancaster House, London, akiwaandikia rasimu ya sura ya haki za binadamu. Sijaona mtu akiwaeleza mashahidi waliotoka Nairobi jambo hilo.

Huko Marekani kwenyewe, hata hivyo, Sand hakujulikana kwa mabomu. Alijulikana kwa nyumba.

Yonkers ni mji unaopakana na Bronx upande wa kaskazini. Mwaka 1980 serikali ya Marekani iliushtaki, na chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, kikajiunga. Madai yalikuwa kwamba kwa miaka 40 viongozi wa mji walizijenga karibu nyumba zote za umma katika kona moja ya kusini-magharibi, ili watu weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini wakae huko, na watoto wao wasome huko, mbali na mitaa ya Wazungu ya mashariki. Mwaka 1985 Sand alitoa uamuzi wa kurasa zaidi ya 600, mtaa kwa mtaa, kiwanja kwa kiwanja, akionyesha ni lini kila mahali palipopendekezwa mashariki palikataliwa na ni nani aliyepiga kelele. Aliamuru, miongoni mwa mengine, nyumba 200 za umma zijengwe upande wa mashariki. Nyumba 200 katika mji wa watu karibu laki mbili.

Baraza la mji lilikubali kwa maandishi Januari 1988, kisha likageuka. Mikutano ilijaa watu wakizomea, na Agosti 1 madiwani wanne kati ya saba walipiga kura ya kukataa kutekeleza makubaliano yao wenyewe. Sand akawatia hatiani kwa kudharau mahakama. Kila diwani mkaidi atatozwa dola 500 kwa siku, na akiendelea atalala jela. Kwa mji wenyewe aliweka faini ambayo inaanza kama mchezo wa watoto: dola 100 siku ya kwanza, kisha iongezwe maradufu kila siku.

Chukueni kalamu. Siku ya pili 200, ya tatu 400, ya nne 800. Siku ya saba ni 6,400, diwani bado anacheka. Siku ya 10 ni 51,200. Siku ya 14 ni 819,200, na hiyo ni faini ya siku hiyo moja tu. Bila kikomo, siku ya 22 peke yake ingedai zaidi ya dola milioni 209. Mahakama ya rufaa iliweka kikomo cha dola milioni moja kwa siku, Mahakama ya Juu ikasimamisha faini za madiwani binafsi lakini ikaiacha ya mji iendelee. Mji ulilipa zaidi ya dola 800,000. Mamia ya wafanyakazi walikuwa karibu kuachishwa kazi pale baraza liliposalimu amri Septemba, kura tano kwa mbili.

Januari 1990 Mahakama ya Juu, kwa kura tano kwa nne, ilisema Sand alivuka mpaka kuwatoza madiwani kutoka mifukoni mwao kabla ya kuona kama faini ya mji ingetosha. Wapo wanaomtetea mpaka leo kwa hoja kwamba waliovunja ahadi ni watu, si majengo ya manispaa. Mimi, pamoja na kumpenda, naona wale watano walikuwa na hoja. Diwani anayepiga kura huku akihesabu ada ya shule ya mtoto wake hapigi kura ya waliomchagua, hata kama waliomchagua ni wabaguzi. Hesabu ya maradufu ilikuwa inatosha. Angesubiri wiki mbili.

Mwezi huo huo wa Januari 1990 alitoa uamuzi mwingine, ambao uliishi miezi minne tu. Mamlaka ya usafiri ya New York ilikuwa imepiga marufuku kuombaomba katika treni za chini ya ardhi. Sand alisema mtu anayenyoosha mkono na kusema ana njaa anasema jambo, na kusema kunalindwa na Katiba. Mahakama ya rufaa ilimpindua Mei. Mtu wa Dar es Salaam aliyezoea kuona ombaomba wakipita duka kwa duka kila Ijumaa, na mwenye duka akiwa ameweka sarafu kando tayari, ataelewa kwamba kati ya yule mkono na ile sarafu kuna mazungumzo, hata pasiposemwa neno.

Mwaka 1993, akiwa na miaka 65 na utumishi wa miaka 15, alistahili kupunguza kazi. Jaji wa namna hiyo huwaachia wengine nafasi yake rasmi, huendelea na mshahara, na huchagua kiasi cha mashauri anachotaka. Wengi huchagua machache na mepesi. Kesi ya mabomu aliichukua katika kipindi hicho cha mapumziko.

Shauri la Yonkers nalo hakuliachia. Wapangaji wa kwanza waliingia katika nyumba zile mwaka 1992. Zilikuwa nyumba za ghorofa mbili zilizotawanywa mitaani, kila moja na mlango wake na kipande cha uwanja, tofauti na yale maghorofa marefu ya kusini-magharibi. Meya kijana aliyesimamia utii wa amri alikuwa amekwisha kushindwa uchaguzi mwaka 1989, na nafasi yake ilichukuliwa na mmoja wa madiwani waliotozwa faini. Baada ya hapo kulikuja miaka ya ripoti, ukaguzi, mabishano kuhusu shule, kuhusu fedha, kuhusu mitaa, na kila karatasi ilipita katika meza ile ile. Jalada lilifungwa mwaka 2007. Lilikuwa limefunguliwa mwaka 1980, jaji akiwa na miaka 52. Lilipofungwa alikuwa anakaribia 80, na bado lilikuwa lake.

Huwa nafikiria karani wake wa siku hiyo ya mwisho, kijana ambaye pengine alikuwa hajazaliwa shauri lilipoanza, akitafuta mahali pa kuziweka zile karatasi.